Mgeni Aliyekataa Projekta

Nilimpokea stendi ya Moshi saa nne na robo,
begi moja, kompyuta imefungwa kwa mpira wa baiskeli,
na kabla sijamaliza pole na safari akauliza:
"Mwalimu, hiyo simu yako, ufunguo wake anao nani?"
Nikacheka.
Yeye hakucheka.

Mtweve, mtu wa Makete. Baridi ya Julai haikumtisha,
alivaa mikono mifupi katikati ya manyunyu,
na mlima siku hiyo ulijifunika hadi kichwani
kama mgonjwa asiyetaka kuonwa.

Ukumbini Mkuu alishatundika bango
la kampuni iliyotupa kompyuta ishirini.
Mwakilishi wao, Bwana Kileo, kiti cha mbele,
tai ya bluu, chupa ya maji juu ya kitambaa cheupe.
"Mgeni wetu," Mkuu akasema,
"atatueleza habari za programu za bure."

Angejua, angekohoa tu.

"Bure?" Mtweve akasimama.
"Bure ni pipi unayopewa kwa kukosa chenji.
Bure ndilo tusi la mtoto mvivu: wewe bure kabisa!
Mimi nimekuja kusema huru.
Waingereza wana neno moja kwa yote mawili, linawasumbua.
Sisi tunayo mawili
na bado tunajikwaa."

Kisha akaiona ile kona ya ukuta,
maandishi hafifu chini ya picha ya projekta,
yanayotuomba leseni mwaka wa pili sasa.
"Hii mmenunua au mmeiba?"
Wanafunzi hamsini wakanigeukia.
Mimi nikaugeukia ubao.
Akazima projekta, akaomba chaki.

Akasema yote. Programu yetu ya matokeo,
iliyojifunga Machi kwa ada isiyolipwa,
maksi za watoto mia mbili zimo ndani
kama kuku kwenye tenga la mtu mwingine.
Nani alimweleza? Mimi, kwa barua, nikilalamika.
Sikumtuma aisome mbele ya watu.
Bwana Kileo akatoka kupokea simu
ambayo haikuwa imelia.

Ndipo Ndeshi akanyoosha mkono, safu ya nyuma,
Ndeshi ambaye muhula mzima hajauliza kitu.

"Kwetu Mbokomu tuna mfongo.
Waliuchimba zamani, hauna mwenyewe,
kila ukoo na zamu yake ya maji,
na atakayeona tope azibue.
Siku hizi kila mtu anamngoja mwenzake.
Migomba ya mama imenyauka.
Sasa hiyo programu yako, ya wote,
nani atazibua?"

Chaki ikashuka.
Mtu aliyenena saa mbili bila kumeza mate
akaomba maji,
na maji yaliyokuwepo yalikuwa ya Bwana Kileo.
Akanywa.
"Sijui," akasema. "Wanaozibua ni wachache,
na wamechoka. Nawajua kwa majina."

Usiku, kwangu Rau, alimaliza bakuli mbili za mtori,
akayataja yale majina polepole, kama mtu anayehesabu madeni:
yuko mmoja Tabora, mchana anauza saruji,
usiku anarekebisha makosa ya watu asiowajua,
hajapata hata ahsante.
Sikuwa na jibu. Nikamwongezea mtori.

Alfajiri akaondoka.
Mkuu hajanisalimia siku ya nne leo.
Bango limekwenda, misumari imebaki.
Kwenye kompyuta moja, ya dirishani, ipo programu
aliyotuachia, ndogo, ina kasoro zake,
na Ndeshi ameshaifungua tumboni:
palipoandikwa UMEFELI
ameandika RUDI TENA.
Hakuomba ruhusa. Haikuhitajika.

Ruhusa ameomba ya Jumamosi tu.
Wanakwenda kuzibua mfongo, watu saba wamejitokeza.
Nikamuuliza una urefu gani.

"Kilomita nne, mwalimu," akasema,
akinitazama miguu,
viatu vyangu vya ngozi.